Konokono katika karata za ramli

MTU akitaja karata za taroti, wengi wetu hufikiria chumba chenye giza, mshumaa mmoja na mwanamke aliyejitanda kitambaa akimtabiria mwenziwe mabaya. Leo nataka kuzungumza na msomaji juu ya jambo ambalo aghalabu husahauliwa: kwamba karata hizo ni picha, tena picha za kufurahisha mno.

Habari za kupiga ramli naziacha kando. Karata hizi zenyewe hazikuanzia huko. Zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikawa mchezo wa kupitisha wakati majumbani mwa matajiri. Zilichezwa hivyo kwa miaka kama 300 kabla ya Wafaransa, mwishoni mwa karne ya 18, kuzieneza kama chombo cha kutazamia bahati.

Wala si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Seti nzima ina karata 78. Kuna 22 kubwa, kama vile Jua, Mwezi na Mjinga, na 56 ndogo za aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Sasa wasikilize wazee wa Mombasa au Lamu wanapocheza karata barazani. Watakutajia kopa, uru, shupaza na pau. Maneno hayo yametokana na Kireno, na kwa Wareno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga na paus ni magongo. Karata tunazocheza siku hizi hazina kikombe wala upanga, lakini ulimi wa Mswahili ungali unavitaja.

MAMBO YA KUCHEKESHA

Seti inayojulikana zaidi duniani ilichapishwa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son. Aliyeiagiza alikuwa Arthur Edward Waite, mwandishi wa vitabu vya elimu ya siri. Aliyezichora picha zote alikuwa mwanamke wa miaka 31, Bi. Pamela Colman Smith.

Katika seti nyingi za zamani karata ndogo zilionyesha hesabu tu: vikombe sita, panga saba, basi. Bi. Pamela aliziwekea watu, wanyama na vituko.

Tazama panga saba. Mwanamume ananyatia kutoka kambini akiwa amekumbatia panga tano alizoiba. Amezishika makalini, ananyata kwa ncha za vidole, uso ameugeuza nyuma, na panga mbili zimemshinda kubeba. Ukimwangalia vizuri unajua kwamba hatafika mbali.

Katika karata nyingine, kijana mtumishi aliyevaa nguo za maua ameshika kikombe, na samaki anachungulia kutoka ndani yake. Wanatazamana kama watu wawili waliokutana njiani, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze salamu. Malkia wa fimbo amekalia kiti cha enzi kwa fahari zote, na miguuni pake yuko paka mweusi anayetukodolea macho kama kwamba kiti ni chake. Naye Mjinga anatembea macho yakiwa juu mbinguni, waridi jeupe mkononi, na hatua moja mbele yake ni genge. Mbwa wake mdogo anarukaruka kando. Kama anamwonya bwana wake au anamshangilia, kila mtazamaji ataamua mwenyewe.

Lakini anipendezaye zaidi mimi ni konokono. Katika karata ya sarafu tisa, bibi tajiri amesimama katika shamba lake la mizabibu, na ndege wa kuwindia ametulia mkononi mwake. Chini kabisa, konokono anajipitia polepole na nyumba yake mgongoni. Hakuna aliyemtazama. Naona mchoraji alimweka pale kwa kuwa alifurahi kumweka.

MTOTO WA HADITHI

Furaha hiyo ina asili yake. Bi. Pamela alizaliwa London mwaka 1878, wazazi wake wakiwa Wamarekani, na utotoni aliishi Jamaika kwa miaka kadhaa. Huko alizisikia hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye watumwa walivuka naye bahari kutoka Afrika Magharibi, katika nchi ya Waashanti ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1899 alizichapisha katika kitabu, Annancy Stories, akakitilia michoro yake mwenyewe. Baadaye alizisimulia mbele ya watu mjini London kwa lafudhi ya Kijamaika. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura hatuoni ajabu kwamba mkono uliomchora Anansi ndio uliomchora yule mwizi wa panga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bi. Pamela hakutunzwa. Mwaka huo huo wa 1909 alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz huko New York kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Alifariki mwaka 1951 katika mji mdogo wa Bude, Cornwall, akiwa na madeni, na vitu vyake vikauzwa ili kuyalipa. Kwa muda mrefu karata zake ziliitwa Rider-Waite, yaani jina la mchapishaji na la mwagizaji. Siku hizi watu wengi huongeza Smith, na mwaka 2009, karata zilipotimiza miaka 100, ilitolewa seti ya ukumbusho yenye jina lake.

Msomaji akibahatika kuziona, asiulize kesho italeta nini. Amtafute kwanza konokono. Kisha atazame pembeni mwa picha, chini, aone herufi P, C na S zimeviringana kama mzabibu mdogo. Muda wote walipokuwa wakiyataja majina ya wengine, lake lilikuwa pale pale.