Jicho linalouma na jicho lisilouma: Lipi la hatari zaidi?

Katika safu yetu ya leo tutazungumzia macho, hasa yanapoumia na pale mshipa wake wa fahamu unapopata maradhi.

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka tisa. Siku nne nyuma watoto walikuwa wakirushiana mishale ya vijiti, kimoja kikampata jichoni. Nyumbani walimwosha kwa maji ya chai, kisha jirani akaleta majani yaliyopondwa, wakamkamulia humo humo. Alipofika kwangu kioo cha jicho kilikuwa cheupe kama maziwa na usaha umejikusanya ndani. Tulimpeleka hospitali ya rufaa siku ile ile, lakini jicho lile halioni hadi leo. Mama aliniuliza swali moja tu: "Ningekuja siku ya kwanza, lingepona?" Ndugu msomaji, lingekuwa na nafasi kubwa zaidi. Makala hii nimeiandika kwa sababu ya swali lile.

Jicho ni mfano wa taa. Mbele kuna kioo, ndani kuna lenzi, na nyuma kuna pazia jembamba linalopokea mwanga. Kutoka hapo unatoka mshipa wa fahamu, wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, unaopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa huu ndio waya wa taa. Taa inaweza kuwa nzima kabisa, lakini waya ukikatika chumba kinabaki giza.

Zikiingia kemikali

Chokaa, saruji, jiki, kostiki soda ya kutengenezea sabuni, maji ya betri na sumu ya nyoka aina ya swila anayetema mate, vyote hivi tiba yake ya kwanza ni moja: maji. Usitafute gari kwanza. Mlaze mgonjwa, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 30 bila kukoma. Mwagia kutoka upande wa pua kwenda nje ili uchafu usiingie jicho la pili. Ikiwa ni chokaa au saruji, inua kope na utoe punje zilizojificha kwa kitambaa safi chenye maji. Usijaribu kuzimua kemikali kwa ndimu wala siki. Chokaa na kostiki ni hatari kuliko tindikali nyingi, kwa kuwa huendelea kupenya ndani hata maumivu yakipungua. Ukishaosha, nenda hospitali.

Likichomwa au kupigwa

Hapa hukumu ni kinyume chake. Jicho lililotobolewa na kijiti, msumari, waya au kipande cha chupa halioshwi, halibonyezwi, wala halitiwi dawa yoyote. Kitu kilichong'ang'ania ndani usikichomoe. Chukua kikombe cha karatasi au kitako cha chupa ya plastiki kilichokatwa vizuri, kifunike jicho bila kuligusa, ukibandike kwa plasta kwenye mfupa wa paji na shavu. Mgonjwa asile wala kunywa njiani, kwani huenda akahitaji upasuaji, na aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda.

Dalili za jicho lililotoboka ni mboni kuvutika na kupoteza duara lake, jicho kulegea, au kitu cheusi kuchungulia kwenye jeraha. Aidha, jicho lililopigwa kwa mpira au ngumi likionesha damu iliyotuama mbele ya mboni, mgonjwa akae kichwa kikiwa juu, apewe parasetamo badala ya aspirini, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Mkwaruzo mdogo

Jani la muhindi au pumba za mpunga zikikwaruza kioo cha jicho, watu hudharau. Lakini hapo ndipo fangasi na bakteria hupata mlango. Ukiona doa jeupe, maumivu makali, au mwanga unachoma, usitie mkojo, mate, maziwa ya mama, asali wala majani. Usinunue pia matone duka la dawa bila kupimwa, kwa sababu baadhi yana dawa za jamii ya steroidi ambazo hutuliza wekundu huku zikiukuza ugonjwa.

Na wanja? Aina nyingi za wanja zina madini ya risasi. Kumpaka mtoto mchanga si kumlinda, bali ni kumtia sumu.

Ugonjwa usio na kelele

Ikumbukwe kuwa mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa hauoti tena, na mara nyingi hufa bila kuuma. Adui wake mkubwa ni presha ya macho. Ugonjwa huu huanza kula uoni wa pembeni. Mtu anasoma gazeti vizuri, lakini anagonga milango na kujikwaa. Anapogundua, sehemu kubwa imeshapotea. Sisi watu weusi hupata ugonjwa huu zaidi na mapema zaidi. Ukifika miaka 40, au ukiwa na mzazi au ndugu aliyeupata, kapime. Dawa yake haiponyeshi kilichopotea, bali hulinda kilichobaki, na hutumika maisha yote. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwani matone ya timolol yanaweza kumbana kifua.

Zipo sababu nyingine. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia ethambutol akiona rangi nyekundu imefifia, arudi kliniki mara moja, lakini asijikatishe dozi mwenyewe. Pombe haramu ya kienyeji iliyochanganywa na methano huweza kuua mshipa huu kwa siku moja au mbili. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Dar es Salaam wamewaona vijana wengi waliopoteza uoni wa katikati katika macho yote mawili, baadhi yao wakiwa na ganzi miguuni. Upungufu wa vitamini za kundi B umetuhumiwa. Basi kijana wa shule anayeishi kwa chai na andazi aongezewe mchicha, maharage, mayai na dagaa.

Ibada na matibabu

Nimewaona wazee wanaoacha matone mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuhofia swaumu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, kwani jicho halihesabiwi kuwa tundu la kuingilia tumboni. Mwenye shaka amuombe daktari ampangie dawa wakati wa daku na baada ya futari, kuliko kuacha. Na mwenye jeraha ambaye maji yatamdhuru, sheria imempa ruhusa ya kutayamamu. Aliyekatazwa kuinama baada ya upasuaji huswali kwa ishara. Muulize sheikh wako namna ya kutekeleza.

Tukirudi kwenye swali letu, jicho linalouma hukulazimisha uende hospitali. Lisilouma hukuacha ukae nyumbani. Ndiyo maana la pili laweza kuwa la hatari zaidi. Basi usiku huu baada ya Isha, wakusanye watu wa nyumbani. Kila mmoja afunike jicho moja kwa kiganja, atazame kalenda ukutani, kisha abadilishe. Akipatikana mmoja ambaye jicho lake moja haliko sawa na jingine, asingoje wiki ijayo. Ila kipimo hiki hakigundui presha ya macho inapoanza, kwa hiyo waliofika 40 wakapimwe hata wakiona vizuri. Kliniki za macho zipo katika hospitali nyingi za mikoa, na kwa matatizo makubwa zipo hospitali kama Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, na KCMC Moshi.

Macho ni amana, nasi tutaulizwa tuliitunza vipi. Wabillahi tawfiq.