Figo la Mtu Mwingine

Likizo iliyopita nilimsindikiza baba yangu mdogo hospitali kusafishwa damu. Huenda huko mara tatu kila juma, na kila mara hukaa pale muda wa saa nne. Nilikaa karibu na mashine nikaiona damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza, "Baba, maadamu kila mtu ana mafigo mawili, kwa nini usipewe moja la mtu mwingine?" Akacheka, akasema, "Kawaulize walimu wako." Basi nimewauliza, na mengine nimeyasoma.

Kila figo ni kadiri ya ngumi ya mwenye nalo. Kutwa kucha mafigo huchuja lita 180 hivi kutoka katika damu, kisha huyarudisha maji karibu yote. Inayobaki, yapata lita moja na nusu, ndiyo mkojo. Yakiharibika, sumu hubaki mwilini. Kisukari na shinikizo la damu ndiyo maadui wao wakubwa, na ubaya wao ni kwamba hufanya kazi kimya kimya. Baba mdogo hakuwahi kupimwa shinikizo hata siku moja mpaka miguu ilipomvimba.

Mashine ya kwanza iliyofaa ilitengenezwa na daktari Mholanzi, Willem Kolff, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vitu vilikuwa haba, hivyo alitumia utando wa kufungia soseji! Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa karibu wote, lakini mwaka 1945 mama mmoja alipona. Hata hivyo mashine haiponyi figo bovu. Hulisaidia kazi tu.

Sasa nirudie swali langu. Katika damu mna chembe nyeupe ambazo ni kama askari wa lango. Zikiona kitu kigeni hukishambulia, wala hazijui kwamba mgeni huyu amekuja kusaidia. Ndiyo maana tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray alipomtia Richard Herrick figo la Ronald, walikuwa ndugu pacha wanaofanana kabisa. Kwanza madaktari walibandika kipande cha ngozi ya mmoja juu ya mwenzake. Ngozi ilishika, wakajua ya kuwa askari hawatagombana. Richard aliishi miaka minane zaidi.

Lakini ni wangapi wenye pacha? Ilibidi zipatikane dawa za kuwatuliza askari hao. Mojawapo ni siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni, na ambayo iliruhusiwa Marekani mwaka 1983. Dawa za namna hii humezwa kila siku, muda wote figo lile linapofanya kazi, na mtu huwa mwepesi wa kupata maradhi mengine, kwa kuwa askari wake wamelegezwa. Hapa kwetu Tanzania kazi hii ilifanywa mara ya kwanza Muhimbili, mwaka 2017.

Siku hizi wataalamu wanajaribu mafigo ya nguruwe. Mwezi Machi 2024, Boston tena, mgonjwa alitiwa figo la nguruwe ambaye jeni zake zilikuwa zimebadilishwa mahali 69. Alifariki kabla ya miezi miwili, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo lile ndilo lililomwua. Mwingine, aliyetiwa Januari 2025, alikaa nalo siku 271 kabla halijatolewa. Nilipoyasema haya darasani kelele zilikuwa nyingi mno, mwalimu akagonga meza.

Mimi lililonifurahisha zaidi ni dapagliflozini, dawa iliyokuwa ya kisukari. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba imejaribiwa kwa wagonjwa wa figo 4,304, wengine wasio na kisukari, na jaribio likakatishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Huchelewesha kuharibika kwa figo, lakini halifufui lililokufa. Kwa baba mdogo tumechelewa.

Shangazi amekubali kutoa figo lake moja. Kundi la damu limepatana, vipimo vingine bado. Nilipomsomea baba mdogo habari za nguruwe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie shangazi yako apunguze chumvi."