Ujima wa kompyuta: Delta ya Rufiji na hesabu zinazofanywa na mashine ndogo

Ukokotoaji wa hiari ni utaratibu ambao kazi kubwa ya hesabu, ambayo kwa kawaida ingehitaji mtambo wa gharama kubwa wa taasisi moja, hukatwa vipande vingi vidogo na kusambazwa kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za watu wa kawaida waliokubali kuzitoa kwa saa ambazo wao wenyewe hawazitumii. Kanuni yake ni ileile ya ujima, ambapo shamba ambalo mwenyewe angelilima kwa mwezi mzima humalizwa kwa siku chache na majirani waliokuja kila mmoja na jembe lake, isipokuwa kwamba katika ujima huu majirani hawajuani, na mmoja anaweza kuwa Helsinki na mwingine Mombasa. Utaratibu huo umetimiza zaidi ya robo karne, na mojawapo ya kazi zake zenye maana kubwa kwa Afrika inahusu ugonjwa ambao wakazi wa Kibiti, Ikwiriri na visiwa vya delta ya Rufiji nchini Tanzania wanaufahamu kwa miili yao wenyewe, nao ni malaria.

Mradi ulioufanya utaratibu huu ujulikane duniani ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza Mei 1999 na kuwaomba wenye kompyuta wasaidie kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani ili kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Viumbe hao hawakupatikana, na mradi uliacha kugawa kazi Machi 2020, lakini kutokana nao David Anderson na wenzake walitengeneza, kuanzia mwaka 2002, programu huria iitwayo BOINC, ambayo mtafiti yeyote anaweza kuitumia kuendesha mradi wake. Upande mmoja wa BOINC ni seva, yaani kompyuta kuu inayogawa kazi na kupokea majibu. Upande wa pili ni programu ndogo inayokaa kwenye mashine ya aliyejitolea. Kwa kuwa mashine ya mtu asiyejulikana haiwezi kuaminiwa moja kwa moja, mara nyingi seva hupeleka kipande kilekile kwa watu wawili au zaidi, na hulikubali jibu pale tu majibu yao yanapolingana.

Juu ya msingi huo ulijengwa mpango wa Africa@home, uliozinduliwa rasmi Julai 2006 kwa ushirikiano wa taasisi kadhaa, zikiwemo kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel. Kazi yake ya kwanza iliitwa MalariaControl.net, na katika kipindi cha majaribio pekee watu 500 waliojitolea waliweza kufanya hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa miaka 150. Programu iliyokuwa ikizunguka katika mashine hizo, ambayo baadaye ilijulikana kama OpenMalaria, huumba ndani ya kompyuta jamii nzima ya watu wa kubuni, ikampa kila mmoja umri wake, kinga yake na idadi ya vimelea katika damu yake, kisha ikaipitisha jamii hiyo katika misimu ya mvua na kiangazi kwa miaka mingi mfululizo, mara na vyandarua, mara bila vyandarua, mara na chanjo yenye nguvu kiasi fulani. Kwa kuwa bahati nasibu ina nafasi kubwa katika nani anaumwa na mbu na lini, hali moja hairidhishi ikihesabiwa mara moja. Hurudiwa tena na tena, na huko kurudiarudia, ambako kila hesabu haitegemei nyingine, ndiko kunakoifanya kazi hiyo ifae kugawanywa.

Namba zinazolisha kielelezo cha namna hiyo hutoka kwa watu. Mwendo wa maambukizi kwa misimu uliotumiwa katika hesabu nyingi za Basel ulitokana na mbu waliokusanywa Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero karibu na Ifakara, na maji ya Kilombero ndiyo hayohayo ambayo, yakishakutana na ya Luwegu, huitwa Rufiji na kwenda kumwagika baharini katikati ya mikoko ya Kibiti. Chini zaidi mtoni, mwaka 1998, mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC ulianzisha mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu katika kata za wilaya ya Rufiji ya wakati ule, zikiwemo Bungu, Kibiti, Mchukwi na Ikwiriri, mfumo ambao baadaye uliendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Watu wapatao 85,000 walikuwa wakitembelewa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiulizwa nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki; na palipotokea msiba, ndugu wa marehemu walihojiwa kwa subira kuhusu dalili alizokuwa nazo, ili sababu ya kifo ikadiriwe hata kama hakufika hospitali. Kati ya mwaka 2001 na 2004, chini ya utafiti wa nchi kadhaa ulioitwa MTIMBA, ambao taasisi ya Basel ilishiriki, mitego ya taa ilitundikwa ndani ya nyumba za Rufiji usiku ili kukadiria ni mara ngapi mtu mmoja huumwa kwa mwaka na mbu mwenye vimelea, na makadirio hayo yakalinganishwa na vifo vya watoto.

Kwamba namba hizo zilitoka kwa watu ni jambo linalostahili kusemwa kwa uzito, kwa sababu masimulizi ya teknolojia hupenda kuanza pale kompyuta inapowashwa. Mama aliyefungua mlango wake Kibiti mara tatu kwa mwaka na kueleza habari za nyumba yake, hata habari zilizomuumiza, alichangia sayansi ya malaria zaidi kuliko mtu aliyeiacha kompyuta yake ikifanya kazi usiku akiwa amelala. Na kile kilichopatikana hakikuwa kidogo: OpenMalaria ilikuwa moja ya vielelezo vinne vilivyolinganishwa katika kukadiria faida ya chanjo ya malaria ya RTS,S kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza Oktoba 2021, chanjo ambayo yenyewe ilijaribiwa katika vituo vya Afrika, kikiwemo cha Bagamoyo katika mkoa uleule wa Pwani ulio na Kibiti na Rufiji.

MalariaControl.net ilifungwa mwaka 2016. Katika muda wake wote, mashine zilizofanya kazi zilikuwa kwa sehemu kubwa za Ulaya na Amerika, ingawa waanzilishi wa Africa@home walikuwa wametamka wazi nia ya kuwashirikisha wanafunzi na vyuo vya Afrika, na mwaka 2007 waliendesha mafunzo Muizenberg, Afrika Kusini, kwa ajili hiyo. Sababu haikuwa uvivu wala kutojali. Kompyuta ya mezani ya miaka ile ilikula wati 100 au zaidi, ilihitaji umeme usiokatika na intaneti ya kudumu, na vitu hivyo vitatu kwa pamoja havikuwepo Bungu wala Nyamisati huko delta.

Mazingira hayo yamebadilishwa na vifaa vya aina mbili. Cha kwanza ni kompyuta ya ubao mmoja, yaani kompyuta ambayo prosesa yake, kumbukumbu yake na milango yake yote imepachikwa kwenye kibao kimoja kinachokaribia ukubwa wa kadi ya benki. Maarufu kuliko zote ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani. Cha pili ni simujanja, na tangu mwaka 2013 BOINC imekuwa na toleo la simu za Android. Vifaa hivi viwili ni ndugu, kwa sababu vyote hutumia prosesa za usanifu wa ARM, unaobana matumizi ya umeme.

Ubanaji huo ndio unaoifanya delta iingie katika hesabu. Kibao kinachotumia wati 5 kwa saa 24 humaliza takriban uniti tatu na nusu za umeme kwa mwezi, kiasi ambacho kwa bei ya TANESCO ya wateja wa majumbani hakifiki shilingi 2,000. Katika visiwa kama vya Salale au Kiongoroni, ambako watu wengi hutegemea jua, mahitaji hayo ya siku ni saa-wati 120, ambazo paneli moja ya wati 50 yenye betri nzuri inaweza kuzitoa siku isiyo na mawingu mengi. Na mwenye paneli kubwa kidogo ya kuchajia simu za majirani huwa na umeme wa mchana unaobaki baada ya betri kujaa, ambao kwa kawaida hupotea bure. Kwamba kompyuta za aina hii zinaweza kuishi kwa jua katika mazingira ya Tanzania si jambo la kubahatisha, kwani shule za sekondari za Karatu, mkoani Arusha, zimewahi kutumia Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa jua pamoja na maktaba ya kidijitali isiyohitaji intaneti.

Hata hivyo simu na kibao havina haki sawa ya kujitolea. Simu ya mkazi wa Kibiti ni benki yake, ni redio yake, ni njia ya kumfikia mnunuzi wa kamba au korosho, na mara nyingi ni ya nyumba nzima. Kuichosha kwa hesabu za watu wengine, hata kama ni za heri, ni kosa. BOINC yenyewe inalitambua hilo, kwa maana isipobadilishwa hufanya kazi pale tu simu inapokuwa kwenye chaji na betri imezidi asilimia 90, na husafirisha mafaili kupitia Wi-Fi tu ili isile bando. Simu inayofaa ni ile iliyostaafu, yenye kioo kilichopasuka lakini betri isiyovimba, na ina faida moja ambayo kibao hakina, kwamba umeme ukikatika betri yake huiokoa kazi iliyokuwa ikiendelea. Kibao kwa upande wake hakina betri, hupoteza mahesabu yaliyofanyika baada ya nukta ya mwisho ya kuhifadhi, na kadi yake ya kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa mfululizo. Joto la pwani ni adui wa vyote viwili, kwa kuwa Raspberry Pi ikifikia nyuzi 80 hujipunguzia kasi, hivyo inahitaji kipande cha chuma cha kupoza au feni. Na hewa ya chumvi ya delta huila milango yake ya chuma polepole kama inavyokula misumari ya mashua.

Kuna pia kikwazo kisichotatuliwa na mkazi. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya prosesa za kompyuta za mezani haiwezi kuendeshwa kwenye ARM mpaka waandishi wake waiandae upya, na kazi inayotaka kumbukumbu kubwa haienei kwenye kifaa kidogo. Mradi wa mvua za Afrika, ulioanzishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft kupitia mtandao wa ukokotoaji wa hiari wa World Community Grid ili kukokotoa mvua kusini mwa Sahara kwa umbali wa kilomita moja moja, ndio ambao mkulima wa Kibiti angependa zaidi kuusaidia, lakini uliandaliwa kwa kompyuta kubwa na haukuwa na toleo la simu. Mwenye kibao husaidia badala yake kutafuta nyota au maumbo ya asteroidi. Ni kazi halali, lakini iko mbali na shida zake.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lote. Kasi ya kibao kimoja ni sehemu ndogo ya kasi ya kompyuta nzuri ya mezani, na hata vibao vyote ambavyo Kibiti ingeweza kuvipata visingeongeza kitu cha kuonekana katika hesabu za dunia. Thamani ya vibao hivyo ipo katika kuwawezesha wakazi kuuliza swali lao wenyewe. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, na inapokea maji ya bonde linalochukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Tangu Desemba 2022 maji hayo yanapita kwanza katika bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Aprili 2024 mafuriko yalifunika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Na upande mwingine, mafuriko ya kadiri ndiyo yaliyokuwa yakiacha unyevu wa kilimo cha mlau, yaani cha kupanda maji yanapopungua, na kuyasukuma maji ya chumvi yasipande kwenye mashamba ya mpunga. Mkulima wa huko anahitaji kujua, mvua ikinyesha kiasi hiki juu, bwawa likifungulia kiasi hiki, na bamvua ikiwa siku hiyohiyo, maji yatafika wapi. Hali zinazoweza kukutana ni maelfu, kila moja hukokotolewa bila kuingoja nyingine, na ramani ya delta pekee, ikichorwa kwa kipimo cha wastani, inaweza kuenea katika kumbukumbu ya kibao kidogo. Ni vigumu kupata tatizo linaloufaa utaratibu huu kuliko hilo.

Upande wa seva wa BOINC huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye Linux, na programu yake haiuzwi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi wa maji na wa kompyuta. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina vipimo vya mito. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu za mvua. Na shule za sekondari za Kibiti zina vijana wanaoijua delta kwa majina ya mito yake. Taasisi hizo zikae pamoja, zianze na shule mbili au tatu, ziandae programu ya kukokotoa mafuriko hayo kwa ajili ya ARM tangu siku ya kwanza, na majibu yake yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kabla ya masika.