Komandi saba, mikono mbili: namna ya kufuma kazi mingi na kushinda uzi mugumu

Niko na lisansi ya agronomia, na niko nafuma mipira ya baridi. Naanza na ile sababu kila nikikaa kwa mulango na sindano, mutu hakosi kuniuliza: «Injeniere, masomo yote ile njo ilikuleta kwa uzi?» Ndiyo. Hapa kwetu Mushaki baridi hailale. Ziwa Kivu iko kwenye metre 1 460, na kutoka Sake barabara inapanda tu mpaka kwetu. Mutoto akizaliwa, kitu ya kwanza mama anatafuta ni kofia na shali. Soko iko. Kazi ya ofisi, tunaingojea bado.

Lakini leo sikuje kusifu kufuma. Nataka nieleze namna nilikosa, na kitu nilijifunza, sababu inaweza kusaidia hata ule asiyeshika sindano.

Mwaka moja, mwezi wa nane, nilipokea komandi saba kwa mara moja: mipira ine ya masomo, shali mbili, na leyeti ya mutoto. Kila mutu alinipa avansi, na avansi yote nilikula. Nikawa nafuma kidogo hapa, kidogo pale. Mwisho wa mwezi nilikuwa na vitu saba vimeanzishwa, na hata kimoja hakikuisha. Mama mwenye leyeti akazaa. Alitoka maternite asubuhi ya mvua, mutoto amefungwa ndani ya kitenge tupu. Hakunitukana. Alisema tu: «Si kitu, dada, Mungu atasaidia.» Ile maneno ilinichoma kuliko matusi.

Jibu nililipata ndani ya masomo yangu mwenyewe. Mahindi na maharagi vinakaa vizuri kwa shamba moja sababu haviombe kitu kimoja: mahindi inapanda juu, maharagi inafunika udongo na inaongeza azoti. Lakini ukifungua mashamba tano ya viazi siku moja, palizi ya yote itafika juma moja, na uko na mikono mbili tu. Mipira yangu ilikuwa mashamba tano ya viazi. Yote ilikuwa inaomba macho yangu saa ileile.

Tangu pale, sipite kazi tatu, na hazifanane.

Ya kwanza ni kazi ya macho: ile ya mapambo na kuhesabu. Ninaifanya asubuhi, na mwangaza, bila mazungumuzo. Ya pili ni kazi ya mikono: mugongo wa mupira, mistari ya kawaida. Hiyo naweza kuifanya huku tunaongea na mama jikoni. Ya tatu ni kazi ya mufuko: kofia ao sosheti, kitu kidogo ya kutembea nayo, kama unangojea pikipiki ao mukutano uanze. Kazi mupya inaingia tu kama moja imeisha. Kuna moja tu inayopita mbele ya zote: ya mutoto, sababu tumbo haingojee.

Kila kazi iko na sashe yake na karatasi ndani: ukubwa wa sindano, nilianza na matundu ngapi, nimesimama mustari wa ngapi, jina ya kiliya na tarehe. Ile ile naandika pia ndani ya kaye. Na usitoe sindano kwa kazi moja ukaazime ingine. Hiyo njo namna kazi inakufa: unarudi na sindano ingine, mukono moja ya mupira unakuwa mupana kuliko mwenzake. Sisi wenye kuchonga sindano kwa rayo za kinga tuangalie zaidi, sababu rayo zote haziko na unene moja.

Sasa tuje kwa uzi mugumu.

Uzi ya kufumua. Wengi tunanunua mipira ya balo, tunaifumua, tunapata uzi ya bei ndogo. Mbele ya kulipa, geuza mupira ndani, angalia mushono wa pembeni. Kama kitambaa kilikatwa na mashini ikafunga makali yake na nyuzi mingi, acha: kila mustari umekatwa, utapata vipande vifupi tupu. Kama pande mbili ni nzima na zimeunganishwa na uzi moja kama munyororo, nunua. Ukisha kufumua, uzi inajikunja kama nywele. Izungushe kwa mugongo wa kiti, ifunge fasi ine, iloweshe na maji ya vuguvugu, kisha itundike na kitu chenye uzito kidogo chini mpaka ikauke. Ukifuma mbele ya hapo, mupira utabadilisha kipimo siku ya kufuliwa.

Ni manyoya ao ni plastiki? Choma kipande kidogo. Manyoya ya kondoo inanuka kama nywele, moto inazimika yenyewe, na majivu inavunjika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Mwambie kiliya ile umepata, sababu manyoya ukiifua na maji ya moto na kuisugua, inakazana na hairudi tena. Akriliki haiogope ile, lakini pasi ya moto inailaza kabisa.

Uzi ya nywele-nywele. Matundu hayaonekane. Tumia sindano kubwa kidogo, soma na vidole, hesabu kila mustari. Ukikosa, usivute na nguvu: rudisha tundu moja moja.

Uzi nyeusi ao bluu ya masomo. Usiku na taa ndogo, utadanganyika. Fuma muchana, na kitambaa cheupe kwa magoti.

Mwisho, soma etiketi. Namba ya rangi inaweza kuwa moja, lakini kama namba ya bafu ya rangi ni tofauti, mustari utaonekana kwa kifua. Nunua peloti zote siku moja. Kama haikuwezekana, fuma mistari mbili ya moja, mbili ya ingine, ili tofauti ijifiche.

Mwezi wa pili 2023, vita ilipofika Mushaki, tulishuka kwa mguu. Nilibeba kazi ya mufuko na kaye. Sashe mbili zilibakia. Pale Goma, mwenye mupira moja, naye mukimbizi, alinikuta. Nilinunua uzi upya, nikafungua kaye, nikamufumia mupira kwa vipimo vilevile. Uzi ilipotea, lakini kazi haikupotea.

Wewe uko na memware, shamba, biashara ya krediti na kikundi cha vijana, usijiulize kwanza «ni vitu ngapi?» Jiulize: ngapi kati yake inaomba macho yangu saa ileile? Kama inapita moja, kuna mutu mwenye atatoka na kitenge tupu kwa mvua. Mumwambie mapema.