Paka na Magonjwa Yake (Sehemu ya Nne): Yaliyowapata Paka wa Kupro

Mwaka 2025 serikali ya Kupro ilitangaza kwamba fedha za kuwafunga uzazi paka wa kisiwa hicho zitapanda kutoka euro 100,000 kwa mwaka hadi 300,000. Wengi waliipokea habari hiyo kwa kicheko. Mimi ilinigusa, kwa sababu kisiwa hicho chenye watu wapatao milioni moja kinakisiwa kuwa na paka wasiopungua idadi hiyo, na mwaka 2023 paka hao walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa niliokuwa nimeahidi kuueleza. Leo ni zamu yake. Chanjo, minyoo na viroboto tulikwisha kuvimaliza, sivirudii.

Kwanza, hata hivyo, tujue paka alifikaje Kupro. Naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili nimelipenda miaka mingi. Mwaka 2004 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Ufaransa, Jean-Denis Vigne, pamoja na wenzake, walitangaza kaburi walilolifukua mahali paitwapo Shillourokambos, kusini mwa kisiwa. Humo alizikwa mtu wa miaka kama 30, akiwa na mashoka ya mawe yaliyosuguliwa na vitu vingine vya thamani. Sentimita 40 kutoka kwake, ndani ya kishimo kilichochimbwa makusudi, ilikutwa mifupa ya paka wa miezi minane hivi. Haina alama hata moja ya kisu. Kaburi hilo lina umri wa miaka 9,500, yaani lilichimbwa karibu miaka 5,000 kabla ya piramidi za Giza kujengwa.

Kupro haikuwa na paka wa asili, na paka haogelei bahari. Kwa hiyo kuna mtu aliyemtia chomboni, huenda kutoka pwani ya Shamu, akavuka naye. Wakristo wa kisiwa hicho wana simulizi yao: kwamba katika karne ya nne Mtakatifu Helena, mama wa Kaisari Konstantino, ndiye aliyeagiza paka waletwe wawamalize nyoka. Monasteri ya Mtakatifu Nikolasi wa Paka ingalipo hadi leo kwenye rasi ya Akrotiri. Ukishika mifupa au ukishika simulizi, unafika pale pale: paka aliletwa na binadamu kwa haja ya binadamu, na watoto wake wakaachwa wajitafutie.

Misri nako tunaambiwa daima kwamba paka aliabudiwa. Ni nusu ya habari. Katika mahekalu ya mungu wa kike Bastet paka walifugwa kwa mamia ili wauawe, wakaushwe, wafungwe vitambaa na kuuzwa kwa mahujaji kama sadaka. Picha za eksirei za maiti hizo zinaonyesha wengi walikuwa wachanga, shingo zimevunjwa. Mwaka 1890 shehena ya tani 19 hivi ya maiti za paka ilishushwa Liverpool, Uingereza, ikasagwa kuwa mbolea ya mashamba. Mwenye kuabudu na mwenye kulima walimtazama mnyama yule yule kwa jicho moja, la faida.

Palipo na paka wengi waliorundikwa pamoja, ndipo ugonjwa wetu wa leo unapoanzia. Virusi vya korona vya paka, ambavyo si vile vya UVIKO-19, huishi katika utumbo na kutoka na mavi. Paka wanaochangia mchanga wa kujisaidia huambukizana kwa urahisi, na wengi hawapati zaidi ya kuhara kidogo. Ila katika wachache virusi hubadilika ndani ya mwili wa paka mwenyewe, vikaingia katika chembe nyeupe za damu na kuvimbisha utando wa tumbo na viungo vingine. Daktari Jean Holzworth wa Boston aliueleza ugonjwa huu mwaka 1963, na kwa zaidi ya nusu karne karibu kila paka aliyeupata alikufa. Mwaka 2019 Niels Pedersen wa California na wenzake walionyesha kwamba dawa iitwayo GS-441524 huwaponya wengi. Kilichotokea Kupro kilikuwa kibaya zaidi, kwani virusi vya paka vilichanganyika na korona ya mbwa, vikapata uwezo wa kusambaa vikiwa tayari vikali. Agosti 2023 serikali ikaruhusu vidonge vya molnupiravir, vilivyokuwa vimenunuliwa kwa ajili ya wagonjwa wa UVIKO, wapewe paka.

Dalili zake ni hizi. Homa inayoendelea siku nyingi bila kusikia antibiotiki. Paka anakonda mgongo huku tumbo likijaa maji. Anahema kwa shida. Fizi na weupe wa macho hugeuka manjano. Wengine hawajai maji, bali macho hubadilika rangi au miguu ya nyuma huyumba. Wanaopatwa zaidi ni wa chini ya miaka miwili. Chanjo ya kutegemewa hakuna. Kinga ni kupunguza msongamano: paka wachache kwa nyumba, kisanduku cha mchanga kwa kila mmoja na kimoja cha ziada, kisafishwe kila siku na kikae mbali na chakula. Na kuwafunga uzazi.

Hilo la mwisho ndilo ninalolisihi kwa nguvu zangu zote. Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe tunajivunia paka wetu, tunawapiga picha, kisha watoto wao tunawatia kwenye kiroba na kuwatupa sokoni usiku. Waislamu wa pwani wanaijua habari ya Abu Qatada aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hadi akanywa akatosheka. Wanaijua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka na kumnyima chakula. Kutupa kiroba sokoni kuko karibu na lipi kati ya hayo mawili?

Nafasi inaniishia, kwa hiyo mambo matatu kwa ufupi. Paka huficha maumivu. Akiacha kula siku nzima, akiacha kujilamba au akijificha uvunguni, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje alie. Na usimpe parasetamoli hata kipande, maana ini lake haliwezi kuivunja na humwua. Dume anayechuchumaa mchangani mara kwa mara bila kutoa mkojo ni mgonjwa wa dharura, apelekwe saa hiyo hiyo. Sababu zake nitazieleza katika sehemu ya tano.