Panda Manga asubuhi, kabla mvua haijaamka

Wageni wanaofika Gusii mwezi wa Aprili hukaa ndani wakingoja mvua ikome. Wanajinyima. Vilima vya Manga, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, havipendezi wakati wowote kama msimu wa masika, mradi mtu ajue saa ya kupanda na saa ya kushuka.

Maana mvua ya huku ina saa zake. Asubuhi nyingi ni kweupe. Jua likishapanda, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya nyanda hizi, mawingu yakajikusanya, na kufikia saa nane au saa tisa ngurumo zimeanza. Kinachofuata ni mvua kubwa, mara nyingine ya mawe, pamoja na radi. Radi ya Gusii imeua watu na mifugo. Asikudanganye mtu kwamba ni kelele tu. Basi anza safari saa moja asubuhi, na saa sita uwe umeshashuka. Wingu jeusi likikukuta juu, ondoka ukingoni mwa jabali, wala usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Usitarajie lango, tikiti wala vibao. Njia za Manga ni za wenyeji: ndizo wanazopita akina mama wenye kuni, watoto wa shule, na waumini wanaopanda kuomba. Zinakatiza kando ya migomba, majani chai na nyasi za ng'ombe kabla ya kuingia kwenye miti. Kwa hiyo msalimie unayemkuta kwa Ekegusii, “bwakire” (habari ya asubuhi), na umwombe ruhusa mwenye shamba. Kumlipa kijana wa pale akuongoze ni busara, hasa kama unataka kufika Ngoro ya Mwaga, lile shimo ambalo wazee wana masimulizi yake mengi. Mwamba uliolowa karibu na shimo hauna huruma.

Udongo mwekundu ukinywa maji huwa utelezi mtupu. Gambuti zinafaa shambani, lakini mlimani vaa viatu vyenye meno, ushike fimbo, na wakati wa kushuka upige hatua fupi fupi. Malipo yako yako juu: mvua ya jana imeosha vumbi na ukungu wa moshi angani, na siku njema unauona mji wa Kisii chini yako, na mbali kule, ziwa.

Ukiwa juu hapo utaona pia jinsi ardhi ilivyobanwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Kila kipande kinalimwa, hadi kwenye miteremko mikali. Vilima ndivyo vilivyobakiza miti, na mingi ni mikaratusi, inayokua haraka na kuuzwa upesi, lakini inayokunywa maji mno ikipandwa karibu na chemchemi. Miti ya asili kama omotembe imebaki mmoja mmoja. Jambo hili linanisumbua, kwa sababu mito yetu huanzia vilimani. Gucha huchipuka katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukateremka hadi Ziwa Victoria, na wakati wa masika hupita umebeba udongo wa mashamba yetu.

Mnamo Mei 10, 2024, baada ya mafuriko yaliyoua watu wengi, Kenya nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti. Siku moja haitoshi. Serikali za Kisii na Nyamira ziketi pamoja, kwa kuwa kilima ni kimoja: ziweke alama njiani, ziwape vijana wa Manga kazi ya kuongoza wageni, na ziondoe mikaratusi kwenye chemchemi, mahali pake pakapandwe miti ya asili. Nawe msomaji, masika haya usingoje anga ikauke. Amka mapema, upande.