Nilivyosahihisha Bango la Wenyewe

Wanafunzi wangu wa isimu wanaweza kunishuhudia kwamba kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza, mimi huwaambia maneno yale yale: lugha ni mali ya wanaoizungumza, na kazi ya mwanaisimu ni kuichunguza na kuieleza, wala si kusimama njiani na rungu kama askari wa kanjo. Ilinibidi nikae dukani mwezi mzima ndipo nigundue kwamba maneno hayo nilikuwa nikiyasema tu.

Dada yangu ana biashara ndogo ya usanifu na uchapishaji katika chumba kimoja cha ghorofani, karibu na River Road, jijini Nairobi. Katikati ya Juni iliyopita alilazimika kwenda Kisumu kumuuguza mama yetu, na maadamu chuo kilikuwa likizoni, nikaachiwa ufunguo, daftari la hesabu na kijana mmoja msanifu ambaye, kwa sadfa, niliwahi kumfundisha fonolojia. Nilichukua vitabu vitatu vya kusoma wakati wateja wamepungua. Vyote nilivirudisha nyumbani bila kuvifungua.

Yeyote anayedhani kwamba usanifu ni kuchora tu na akae mezani pale siku moja. Wateja huja na nembo, kadi za harusi, vyeti vya shule, vibandiko vya chupa za asali, na kila mmoja anataka kazi yake jioni hiyo hiyo. Sharti la dada ni kwamba hakuna kazi inayoanza kabla ya nusu ya malipo kutolewa. Fedha hizo ndizo zinazoitwa arbuni, au rubuni, neno tulilolipata kwa Waarabu. Neno rubuni likitumiwa kama kitenzi lina maana ya kumhadaa mtu, na katika wiki ya kwanza niliwaonea wateja haya nikaacha kuidai. Watu wawili walichukua michoro yao kwa simu wakaenda kuichapisha kwingine. Tangu hapo haya ikaniisha.

Kazi iliyonigusa zaidi ni vijitabu vya mazishi. Familia hufika Jumatano, maziko ni Jumamosi, na picha pekee ya marehemu ni ile iliyokatwa kutoka picha ya arusi ya mtu mwingine, mkono wa jirani ungali begani mwake. Kijitabu cha aina hii hupatikana kwa kukunja katikati karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297. Kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa 4, kwa hiyo kijitabu chaweza kuwa na kurasa 8 au 12, lakini hakiwezi kuwa na kurasa 9. Familia moja ilikuwa na maneno ya kurasa 9 na fedha za kurasa 8. Mwana mkubwa akapendekeza yaondolewe majina ya wakwe. Shangazi yake, aliyekuwa kimya muda wote huo, akauliza: "Na jeneza litabebwa na nani, wewe peke yako?" Ubishi ulidumu karibu saa nzima, na mimi, mwenye shahada ya uzamifu, sikuwa na la kusema. Aliyeuamua ni yule kijana. Aliondoa beti za nyimbo za ibada akabakiza mada zake tu, kwa sababu waombolezaji wanazijua kwa moyo. Wakwe wakabaki.

Rangi nazo zilinitoa jasho. Mwalimu mmoja alileta vyeti vya chama cha Kiswahili cha shule yake, vya kutolewa tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kijani alichokipenda kwenye kompyuta kilitoka kwenye mashine kimefifia kama jani la mgomba lililoshinda juani. Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine hutumia wino wa siani, majenta, manjano na mweusi, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii. Nilimweleza hayo kwa ufasaha wote niliojaliwa. Akanijibu kwamba hakuja kusomeshwa.

Sasa nifike kwenye bango. Mama mmoja mwenye duka la dawa aliagiza bango na vipeperushi 1,000, vyote viandikwe TUKO WAZI MASAA 24. Nilipoyaona maneno hayo mkono uliwasha. Vitabu vyetu vya sarufi husema kwamba wingi wa saa ni saa, na walimu wasomao ukurasa huu wamelikata neno masaa kwa wino mwekundu mara zisizohesabika. Nikalifuta.

"Mwalimu," kijana akasema, "mteja ameandika masaa."

"Najua. Amekosea."

"Tumpigie simu?"

"Kwa neno moja?"

Yule mama alikuja kesho yake, akalikunjua bango, akaniuliza saa 24 ni saa ngapi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema kwamba watu watadhani duka linafunguliwa saa sita ya usiku, kwa kuwa ndivyo saa za simu zinavyohesabu siku hizi. Alisema pia kwamba alinilipa nichape aliyoandika, na kama kulikuwa na kosa, lilikuwa kosa lake na bango lake.

Usiku huo nililifikiria jambo hilo kama mwanaisimu, kwa kuchelewa. Sentensi "Nilimngoja saa mbili" ina maana mbili: ama nilianza kumngoja ilipogonga saa mbili, ama nilingoja kwa muda huo. "Nilimngoja masaa mawili" haina utata wowote. Basi wazungumzaji, bila kuitisha kongamano wala kumwomba profesa ruhusa, wamekitumia kiambishi ma- kutenganisha muda na wakati. Isitoshe, sisi sote husema marafiki, na hakuna mwalimu anayelikata neno hilo, ingawa nalo ni la mkopo na limekipokea kiambishi kile kile. La kufedhehesha zaidi ni kwamba mfano wa masaa umo katika madokezo yangu ya mihadhara, chini ya mada ya mabadiliko ya ngeli. Nimewatahini wanafunzi juu yake.

Sisemi kwamba mwalimu wa shule aache kusahihisha insha. Mtihani una kanuni zake, na mtoto anayeufanya anastahili kuzijua kabla hazijamgharimu alama. Lakini bango la duka la dawa si insha, na mwenye bango si mtahiniwa wangu.

Kurudia kazi ile kuligharimu shilingi 8,200. Fedha hizo nilizitoa katika sanduku la duka bila kufikiri sana, na ilipofika siku ya kumlipa kijana nikakuta zilizobaki hazitoshi. Alingoja siku tisa. Hakulalamika, ila simu yake ilikuwa ikilia kila asubuhi, naye akiitazama na kuirudisha mfukoni, mpaka nikamuuliza. Ilikuwa ni ya mwenye nyumba wake. Yeye ndiye aliyetaka tupige simu, na yeye ndiye aliyekesha akichapa vipeperushi upya.

Dada aliporejea katikati ya Julai, mama akiwa amepata nafuu, alilipitia daftari mstari kwa mstari. Alipofika kwenye zile 8,200 akaweka kidole.

"Ulimuuliza mwenyewe kabla ya kubadilisha?"

"La."

"Na huyu kijana hakukwambia?"

"Aliniambia."

Hakuongeza neno. Nilizirudisha fedha hizo kwa mafungu mawili. Bango lile lingali dukani. Kijana hulifunikia mashine ya kuchapa jioni ili isiingie vumbi, na upande wenye maandishi huugeuza ndani.